Anza na kitasa, ufunguo uje mwisho

Mjomba aliponiachia gari lake, Austin A60 Cambridge ya 1964, aliniachia pia kopo la bati lenye funguo 23. "Wake umo humo humo," alisema. Hakukosea sana. Swichi ya kuwashia ilikubali funguo nne kati ya hizo, mlango wa dereva ulikubali mbili kwa kubembelezwa, na buti halikukubali hata mmoja. Nami nikafanya wanachofanya wengi: nikachagua ufunguo uliokaribia kuingia kwenye buti, nikaubana kwenye jiliwa na kuupiga tupa. Siku ya tatu ukakatikia ndani ya tundu.

Kukitoa kile kipande kulinichukua Jumamosi nzima. Lakini ndipo nilipokishika kitasa mkononi kwa mara ya kwanza, nikakuta kimepigwa namba ubavuni. Kumbe jibu lilikuwa kwenye gari muda wote, mimi nikilitafuta ndani ya kopo.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Sisi husema "kitasa" tukimaanisha vitu vitatu tofauti, na ukimwambia muuza spea "naomba kitasa cha mlango" atakupa chochote kati ya hivyo. Kuna mshikio, yaani kile cha kromu unachokishika kwa nje. Kuna silinda, kile kipande kidogo cha duara kinachopokea ufunguo. Magari mengine silinda imo ndani ya mshikio, mengine imekaa peke yake kwenye bati la mlango. Halafu kuna lachi, mashine iliyojificha ndani ya mlango inayong'ata chuma cha kwenye nguzo ambayo mlango hufungia. Ufunguo unahusiana na silinda tu. Mlango unaogoma kufungwa mara nyingi hauna ugomvi na ufunguo. Ugomvi uko kwenye lachi. Nimewahi kuona mtu akichongesha funguo tatu kwa ajili ya mlango ambao lachi yake ilikuwa ya gari jingine.

Kabla ya kugusa skrubu, jua umri halisi wa gari. Usitegemee mwaka wa kusajiliwa, maana gari linaweza kukaa bila kuuzwa miezi kadhaa. Soma namba kwenye kibati cha chesesi, ulinganishe na orodha ya spea ya kiwanda. Orodha hizo mara nyingi hutaja "kuanzia chesesi namba fulani", na hapo ndipo vitasa hubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka bila sura ya gari kubadilika hata kidogo. Kwa magari kadhaa ya Kiingereza unaweza kuomba cheti cha kumbukumbu za uzalishaji kutoka British Motor Industry Heritage Trust. Kwa baadhi ya magari cheti hicho hutaja hata namba za funguo zilizotoka nazo kiwandani. Ukibahatika kuzipata, nusu ya kazi umemaliza ukiwa umekaa.

Kisha hesabu matundu. Usidhani kila mlango lazima uwe na tundu la ufunguo. Magari mengi ya zamani yana tundu mlango mmoja tu, mwingine unafungwa kwa ndani. Kwenye Ford Model A tundu liko mlango wa kulia ilhali usukani uko kushoto, kwa kuwa dereva alitarajiwa kushukia upande wa njia ya miguu. Mtu asiyejua hilo atatoboa mlango wa dereva "kurudisha" kitu ambacho hakikuwepo. Yangu ilikuwa na balaa la kinyume: milango ya mbele yote miwili ina matundu, lakini mshikio wa abiria una kromu mpya kuliko wenzake. Ukiona kipande kimoja kinang'aa peke yake, au kimechakaa peke yake, shuku kwamba ni mgeni.

Sasa fungua bati la ndani la mlango. Piga picha kila hatua, hasa pale mkono wa kupandishia kioo unaposhikwa na pini, kwa sababu pini hiyo hurukia mahali ambapo hutaiona tena.

Lachi itazame kwanza. Nyingi zimepigwa herufi za upande, RH kwa kulia na LH kwa kushoto, na upande huo huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele. Ukisimama nje mbele ya gari utanunua ya upande usio wako. Kisha angalia inavyong'ata: ina ulimi unaosukumwa na springi, au ina gurudumu la meno linalozunguka? Chuma cha kwenye nguzo lazima kiwe cha ukoo uleule. Hapa kuna mwaka wa kukumbuka. Mengi ya masharti ya kwanza ya usalama wa magari ya Marekani, yakiwemo yale ya vitasa vya milango, yalianza tarehe 1 Januari 1968. Hoja ilikuwa mlango usifunguke wakati wa ajali na kumtupa mtu nje. Viwanda vilivyotaka kuuza huko vilibadilisha lachi, vingine mapema kabla ya tarehe hiyo. Ndiyo maana milango miwili ya gari la jina moja inaweza kufanana kwa nje kama mapacha huku lachi zake hazipatani. Kwa hiyo nunua lachi na chuma chake cha nguzo pamoja.

Mshikio nao upimwe. Pima umbali kati ya skrubu zake, upana wa ule mhimili wa pembe nne unaoingia mlangoni, na urefu wake kuanzia kitako hadi ncha. Nilinunua mshikio mzuri ajabu, kromu kama kioo, nikaufunga na kutembea nao wiki moja. Mhimili wake ulikuwa mfupi kwa milimita 4. Ulikuwa unashika lachi kwa ncha tu, ukaila hadi pembe zikawa duara. Kama mshikio wako ni wa kitufe cha kubonyeza, nyuma yake kuna skrubu ya kurekebisha inayosukuma lachi. Acha nafasi ndogo, kama milimita moja, kabla haijagusa. Ikigusa muda wote, mlango utafunguka wenyewe kwenye mashimo. Angalia pia kitako cha mshikio kinavyolala kwenye bati. Kikiacha mwanya upande mmoja, umetengenezwa kwa mlango wenye mbinuko mwingine, hata kama skrubu zinakubali.

Sasa silinda, na hapa usiwe na haraka.

Imulike kwa tochi. Ukiona vibao vyembamba vya shaba vilivyopangana kama kurasa, hiyo ni silinda ya vibao, ambayo imejaa kwenye magari ya Ulaya. Ukiona vichwa vya mviringo, hiyo ni ya pini. Ford za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 ni za namna hiyo. Magari ya General Motors yana mtindo wa tatu. Kuanzia 1935 yalitumia silinda za Briggs & Stratton zenye upau wa pembeni, unaozama tu pale vibao vyote sita vinapokaa sawa.

Kisha tafuta namba. Kwa magari ya Kiingereza ya enzi ya Wilmot-Breeden na Union, majina ya watengenezaji wa vitasa, namba huwa na herufi mbele, na herufi hizo ndizo zinazotaja umbo la mifereji ya ubavuni mwa ufunguo. Utakutana na FA 501 hadi 625, FP 626 hadi 750 na FS 876 hadi 955. Itafute kwenye uso wa swichi ya kuwashia, ukiusugua kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa. Kama haipo, iko ubavuni mwa silinda. Ufunguo wa FS hauwezi kufanywa kuwa FP kwa tupa, kwa sababu kinachotofautiana ni mifereji, siyo meno. Ndicho nilichokuwa nikijaribu kukifanya kwenye jiliwa.

Volkswagen nao waliweka herufi mbele ya namba kwa sababu hiyohiyo. Kwenye Beetle namba ya mlango mara nyingi imepigwa kwenye silinda au kwenye shina la mshikio, kwa hiyo lazima utoe mshikio ndipo uione. Kwa General Motors za zamani tazama kichwa cha ufunguo: cha pembe nane ni cha swichi na milango, cha mviringo ni cha buti na kisanduku cha dashibodi. Ufunguo wa asili ulikuwa na kipande kidogo kichwani chenye namba, cha kung'olewa na kuhifadhiwa. Wengi walikitupa. Kuanzia magari ya 1967 mifereji ilibadilishwa kwa zamu ya mwaka hadi mwaka, na kila mfereji una herufi yake, hivyo ufunguo wa mwaka mmoja hauingii kwenye gari la mwaka unaofuata. Ford kwa upande wao walileta ufunguo wenye meno pande zote mbili kwenye magari ya 1965. Mtu akikuuzia Mustang ya 1966 akakupa ufunguo wa meno upande mmoja, muulize swichi ilitoka wapi.

Yangu ilisomeka hivi: swichi FS, mlango wa dereva FS namba ileile, mlango wa abiria FP. Kwa hiyo ule mshikio uliong'aa ulikuwa mgeni kweli, na umekuja na silinda yake. Buti lilikuwa FS lakini namba nyingine.

Usiseme ufunguo ni sahihi kwa kuwa umezungusha. Silinda iliyochakaa huzungushwa hata na bisibisi ndogo, na swichi yangu iliyokubali funguo nne ilikuwa imechoka tu, haikuwa na ukarimu wowote. Kipimo cha kweli hufanywa silinda ikiwa nje. Ingiza ufunguo hadi mwisho, kisha pitisha kidole juu ya mwili wa silinda. Kila kibao kinapaswa kulala sawasawa na uso wake. Kikijitokeza hata unywele, upande wowote, jino la mahali hapo lina kosa. Funguo zangu mbili za mlango wa dereva zilifeli zote. Moja ilikuwa na vibao vitatu vilivyochungulia. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na kila aliyenakili alinakili pia uchakavu wa mwenzake.

Ndiyo sababu ufunguo mpya uchongwe kwa namba, usichongwe kwa kufuata ule wa zamani. Fundi wa funguo mwenye majedwali ya namba hizo atachonga meno kwa vipimo vya kiwandani. Nenda na kadi ya gari. Fundi makini atataka kuiona, na asipoiuliza mimi huingiwa na wasiwasi. Namba ikikosekana kabisa, mpe silinda yenyewe aisome vibao, kwa maana vibao vingi vimepigwa tarakimu za kina chake.

Silinda za mifereji inayofanana zinaweza kupangwa upya ili zikubali ufunguo mmoja: unahamisha vibao kutoka nafasi moja hadi nyingine ndani ya silinda kwa kufuata meno ya ufunguo. Buti langu nilipanga hivyo. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, mikono miwili ndani, kwa sababu springi zake ni ndogo kama kope na zikiruka zimekwenda. Usivipige vibao tupa ili vilale. Vitalala kwa ufunguo wowote, hata wa jirani. Mlango wa abiria, kwa kuwa ni FP, haukuwezekana, ikabidi nitafute silinda nyingine ya FS.

Kabla ya kurudisha, osha silinda kwa petroli, ikauke, uipulizie unga wa grafaiti. Unga wa penseli laini nao unafaa. Mafuta ya injini yaache kwenye injini. Kwenye kitasa hugeuka gundi la vumbi, na vibao huganda palepale vilipo. Lachi peke yake ndiyo ipate grisi, na iwe kidogo.

Namba za funguo niliziandika kwenye daftari la matengenezo linalokaa ndani ya nyumba. Sikuziandika kwenye kishikio cha ufunguo wala kwenye kisanduku cha dashibodi, ambako mwizi angezikuta kabla yangu.

Funga kila kitu, kisha jaribu mlango ukiwa wazi. Sukuma lachi kwa bisibisi hadi ing'ate, zungusha ufunguo, bonyeza kitufe, uone kama inaachia. Rudia mara kumi. Ndipo uubamize mlango, kioo kikiwa chini. Mimi nilikisahau juu, ufunguo ukiwa kwenye swichi, na nikarudi kwenye kopo la mjomba kutafuta ule uliokuwa na vibao vitatu vinavyochungulia. Ulikataa. Silinda sasa ilikuwa nzima.