Unapoandika programu kwenye kikokotoo cha TI-84 Plus, utumie amri gani kumwomba mtumiaji namba: Input au Prompt?

Prompt A ni ya haraka: skrini inaandika A=? basi. Kwa programu yako mwenyewe inatosha, ila mwenzako atajuaje kama A ni urefu au upana? Mwandikie Input "UREFU (M):",A. Usisahau mkato kabla ya kigeu. Maneno yawe mafupi, maana mstari una nafasi 16 tu na tarakimu nazo zinahitaji mahali.

Amri zenyewe zichukue kwenye kitufe cha PRGM, menyu ya I/O. Ukiandika INPUT herufi kwa herufi, kikokotoo kinaona vigeu vitano vinavyozidishwa.

Kosa linalosumbua zaidi ni la namba hasi: mtumiaji abonyeze (-), si alama ya kutoa, la sivyo atapata ERR:SYNTAX.

Na kama unatatua mlinganyo wa kipeo cha pili, A ikiwa 0 programu itakwama kwenye kugawanya. Izuie mlangoni:

Repeat A≠0
Input "A (SI 0):",A
End

Repeat hurudia hadi sharti A≠0 litimie, na sharti hilo linapimwa kwenye End, kwa hiyo swali huulizwa angalau mara moja. Alama ya ≠ iko kwenye 2nd, MATH.