Kabla ya kuinua sakafu ya kiwanda iliyotitia

Sakafu ya ghala au kiwanda ikianza kutitia, mwenye mali hutaka jambo moja tu: iinuliwe upesi, kazi iendelee. Wakandarasi wanalijua hilo, na wapo wanaofika na pampu ya kusukuma saruji ya majimaji au povu chini ya sakafu kupitia matundu, kabla hawajauliza hata maji ya paa yanakwenda wapi. Wasitoboe tundu lolote mpaka haya yawe yamekamilika.

Jua kwanza ni nini kinachoshuka. Katika majengo mengi ya aina hii sakafu imelala juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na nguzo zina misingi yake peke yake. Sakafu ikishuka na nguzo zimetulia, shida iko kwenye kifusi. Nguzo zikishuka, ita mhandisi wa miundo siku hiyohiyo, na kama kuna kreni ya juu inayotembea kwenye reli, isimame mpaka atoe kauli. Jengo likishuka lote kwa usawa huweza kuvumilia. Linaloliumiza ni upande mmoja kushuka kuliko mwingine. Wahandisi wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 500: nguzo mbili zikiachana mita 10, tofauti ya milimita 20 inatosha kuanza kuhofia nyufa. Ikifika 1 kwa 150, yaani kama milimita 67 kwa umbali uleule, fremu yenyewe, yaani nguzo na boriti zinazobeba jengo, iko hatarini.

Pima, na uendelee kupima. Alama ya kulinganishia iwe mbali na eneo linalotitia, maana ukiiweka kwenye ukuta wa jengo hilohilo itashuka nalo na vipimo vitakudanganya. Kila ufa uandikiwe tarehe na upana. Udongo wa mfinyanzi hunywea wakati wa ukame na kuvimba wakati wa mvua, kwa hiyo vipimo vya wiki chache havitoshi.

Chimba mashimo ya uchunguzi, tena marefu. Hapa ndipo wengi hubania fedha. Mwaka 1913 huko Transcona, Manitoba, nchini Kanada, ghala jipya la nafaka la zege lilianza kuzama lilipokuwa likijazwa, na kwa muda wa kama siku moja likawa limeinama karibu digrii 27. Udongo ulikuwa umejaribiwa karibu na usawa wa msingi tu, kumbe chini zaidi kulikuwa na mfinyanzi laini. Ghala halikuvunjika; lilinyooshwa na kuwekewa nguzo mpya zilizofika kwenye mwamba, kazi ngumu kuliko uchunguzi wowote.

Sasa maji, na hapa naomba usiharakishe. Katika kiwanda kimoja nilikokuwa kwenye matengenezo ya mitambo, sakafu ilititia kando ya ukuta wa nyuma mpaka shelfu zikaanza kuegemea. Mkandarasi akaletwa kusukuma grauti ya saruji, yaani saruji ya majimaji ya kujazia utupu. Mifuko ilikuwa ikiisha mmoja baada ya mwingine, na mshale wa geji ya presha umelala palepale chini. "Shimo ni kubwa," wakasema, wakaagiza saruji zaidi. Hakuna aliyeuliza udongo uliokuwamo humo ulikwenda wapi. Udongo haupotei hivihivi. Kuna maji yaliyoubeba, na kuna njia yalikopitia.

Mwishowe sakafu ikainuka, wakalipwa, wakaondoka. Mvua kubwa ya kwanza, maji ya paa yakaanza kufurika kwenye miguu ya mabomba ya ukutani. Tulipofunua chemba ya uani, shimo la kukagulia mabomba, tukakuta bomba limeziba zaidi ya nusu kwa grauti ya kijivu, imetandaa na kuganda kama uji uliosahauliwa sufuriani. Bomba lilikuwa limeachia kwenye maungio chini ya ukuta uleule. Kwa muda mrefu lilikuwa likimeza mchanga wa kifusi, na grauti ikafuata njia ileile. Maji yaliyokosa pa kutokea yakageukia chini ya sakafu, na sehemu ambayo haikuwahi kushuka nayo ikaanza. Ilibidi sakafu ivunjwe, shelfu zihamishwe, laini ya kufungashia izimwe. Vibarua wa siku wakarudishwa nyumbani bila ujira kwa kosa ambalo si lao, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi pitisha kamera kwenye kila bomba, tangu linaloshuka kutoka paani hadi chemba ya mwisho. Bomba la maji ya kuzimia moto lipimwe presha, kwa sababu limejaa maji ya nguvu saa zote na uvujaji wake hula udongo kimyakimya. Tengeneza kwanza, kisha ndipo udunge. Siku ya kudunga, mtu asimame penye chemba iliyo wazi na tochi. Kila tundu liwekewe kiwango cha juu cha grauti. Kikifika na presha haijapanda, pampu izimwe.

Dawa ifuate ugonjwa. Povu la poliyurethani, plastiki ya majimaji inayovimba, ni jepesi, hukauka kwa dakika chache, lakini hutoa joto, kwa hiyo lisidungwe kwa mkupuo mmoja mnene. Grauti ya saruji ni nzito, nawe unaongeza uzito juu ya ardhi iliyokwisha kushindwa. Msingi wa nguzo ulio juu ya udongo dhaifu wa kina kirefu huhitaji nguzo nyembamba zinazoshuka hadi ardhi ngumu.

Kabla ya kutoboa, tafuta nyaya za umeme na nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Kukata moja ya hizo kunaweza kuua. Kata sakafu iachane na nguzo, iinue milimita kwa milimita. Mkataba utaje milimita zinazotakiwa, na nani atalipia bomba likiziba. Uliza kama kuna jirani anayevuta maji ya ardhini, maana hilo nalo huweza kushusha ardhi. Mtu asiingie chemba hewa haijapimwa. Na gonga sakafu yote kwa nyundo: panapolia utupu pazungushiwe utepe hata kama pamenyooka, foklifti isipite hapo mpaka pajazwe.