Nairobi hadi New York: kupiga hesabu ya umbali, muda wa safari na siku ya kufika

Hesabu hii nimewaelekeza ndugu na majirani wengi, na karibu wote hukwama hatua ya 3. Nyinginezo ni za dakika mbili tatu. Uwe na simu, karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Umbali. Fungua tovuti ya Great Circle Mapper, andika NBO-JFK (vifupisho vya kiwanja cha Nairobi na cha New York). Itakupa takriban kilomita 11,840. Tafadhali usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Vuta uzi juu ya tufe uone: njia fupi inaelekea kaskazini-magharibi, inakata Sahara na Moroko, ndipo inaingia Atlantiki.

Hatua ya 2: Muda. Gawa kwa 850, mwendo wa wastani wa ndege kubwa kwa saa. Unapata karibu saa 14. Ongeza nusu saa ya kupaa, kutua na kuzunguka kiwanjani. Halafu kuna upepo: kule juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Marekani unakuzuia, kurudi unakusukuma. Kenya Airways walipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tovuti inayokupa muda uleule kwenda na kurudi imegawanya tu, achana nayo.

Hatua ya 3: Saa na tarehe. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Ikisema unaondoka Ijumaa 23:30 na kufika Jumamosi 06:30, usitoe moja kwa moja ukashangilia kwamba ni saa saba tu! Kwanza geuza muda wa kuondoka uwe wa New York. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima, ila Wamarekani hubadilisha: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wako nyuma yetu kwa saa 7, miezi mingine kwa saa 8. Tuseme ni Januari. 23:30 ya Nairobi ni 15:30 New York, bado Ijumaa. Ongeza 15, unatua Jumamosi 06:30. Safari hiyohiyo Julai ingetua 07:30.

Fanya yote haya kwa saa za tiketi, 00 hadi 23. Ukianza kuchanganya na saa zetu katikati ya hesabu, umepotea. Ukimaliza ndipo umwambie shangazi: inaondoka saa tano na nusu usiku, inafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa sita usiku. Tiketi ikiandika Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Uwanjani unakwenda Ijumaa jioni. Ukijitokeza Jumamosi usiku, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Kwa tiketi za namna hiyo mimi huandika kwa kalamu nyekundu: "TOKA NYUMBANI IJUMAA".

Hatua ya 4: Kurudi. Geuza hesabu. Januari, 12:30 ya New York ni 20:30 Nairobi; ongeza 14, unatua 10:30 kesho yake. Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika ndiyo hiyo kesho.

Hatua ya 5: Ukibadilisha ndege njiani. Fanya hatua ya 3 kwa kila kipande peke yake, kisha jumlisha na muda wa kusubiri.