Kuomba kibali cha nyumba ya kontena, na jinsi ya kumridhisha Bwana Afya

Tangu niweke kontena langu, swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Hivi hiyo nayo inahitaji kibali?"

Inahitaji. Mimi nilijibiwa kwa rangi nyekundu. Kontena la futi 40 lilishushwa kwa kreni asubuhi ya Jumamosi. Jumanne nikalikuta limeandikwa ubavuni SIMAMISHA UJENZI ONESHA KIBALI, kwa herufi za kunifika kifuani, na tarehe chini yake. Fundi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. "Bosi, walikuja na gari," akaniambia, kana kwamba hilo linamaliza habari yote.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba nyumba iliyokuja imekamilika haina ujenzi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka upate idhini kabla ya kuendeleza kiwanja, na haijali kama ukuta ni wa tofali, wa paneli za kiwandani au wa bati lililowahi kuvuka bahari. Watu watalala humo, basi ni jengo. Ninayoyaeleza hapa ni ya mijini, Tanzania Bara. Zanzibar wana mamlaka na taratibu zao.

Anza na karatasi za kiwanja

Kabla hujamlipa mchora ramani hata shilingi, hakikisha umiliki wako unasomeka. Hati miliki ndiyo bora. Barua ya toleo, ile tunayoiita ofa, nayo hutumika. Ambatisha na risiti za kodi ya pango la ardhi, maana ukiwa na deni la miaka mitatu watakurudisha ukalilipe kwanza. Kama hati bado ina jina la marehemu baba, anza mahakamani kwa usimamizi wa mirathi. Hakuna njia ya mkato hapo, na ndugu wakigundua baadaye kwamba umejenga, hiyo ni kesi nyingine.

Angalia pia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kiwanja cha makazi hakipokei nyumba ya wageni kwa sababu tu umepata makontena manne kwa bei nzuri. Kama uko kando ya mto, ziwa au bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka kwenye maji. Waliojenga bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanazijua hizo mita kwa uchungu.

Halafu amua: kibali cha kudumu au cha muda? Madalali wa makontena hupenda kukuambia uombe cha muda kwa kuwa "ni rahisi, bosi, halina msingi". Cha muda kinafaa kwa kibanda cha biashara au kambi ya mafundi, na kinaweza kuisha ukiwa ndani na watoto. Kama unahamia kuishi, omba cha kudumu.

Michoro

Kwa kawaida halmashauri hudai seti tatu za michoro ya usanifu, na seti mbili za michoro ya uimara wa jengo kama ni ghorofa. Pitia ofisini kwenu kwanza uthibitishe idadi. Michoro ioneshe kiwanja chote na jengo limekaa wapi, umbali wake kutoka kila mpaka, sakafu, pande zote nne, mkato, msingi, paa, na mfumo wa maji taka. Namba ya kiwanja, kitalu, jina la mmiliki na la mchoraji viandikwe. Mchoraji awe amesajiliwa. Kijana mwenye kompyuta nzuri atakuchorea kitu cha kupendeza ambacho hakuna afisa atakayekigongea muhuri.

Kwa kontena kuna jambo la ziada ambalo wauzaji hawalisemi. Bati lake la mikunjo lina kazi ya kubeba. Ukikata ubavu mzima upate dirisha kubwa la kioo, umeondoa nguvu iliyokuwa inazuia boksi lisipinde. Mtafute mhandisi aandike ni wapi patakatwa na fremu gani ya chuma itarudishwa. Ukipandisha kontena juu ya kontena, hiyo sasa ni ghorofa, usibishane nao. Na angalia urefu: kontena la kawaida lina takriban mita 2.59 kwa nje. Ukiweka sakafu mpya na dari, mtu mrefu ataanza kuinama. Tafuta lile refu la mita 2.9. Ukiwa hapo hapo, soma kibati cha chuma kilichopigwa mlangoni, kwani huandikwa dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu dhidi ya wadudu. Mtoto atatambaa juu ya mbao hizo. Zing'oe, au zifunike vizuri.

Meza ya Bwana Afya

Watu wengi hudhani afisa afya ni muhuri wa kupita tu. Mimi alinikalisha wiki tatu, na nikiri alikuwa na haki.

Alikuja mwenyewe, mama mmoja mwenye buti za mpira na upawa mweupe wa mpini mrefu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Shimo la msingi liko wapi?" Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa kabla, na mashimo ya nguzo za kontena la pili yalikuwa yamejaa. Akachota mara moja, akanisogezea upawa. Ndani, maji yakionekana safi kabisa, kulikuwa na vitu kama nyuzi ndogo, vingine vimelala sambamba na uso wa maji. "Hawa wanaolala hivi ni wa malaria," akasema. "Wale wanaoning'inia kichwa chini utawakuta kwenye choo chako." Kwa joto letu la pwani, yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja na kidogo. Nilikuwa nafuga mbu na kuwalipa mafundi wawalinde.

Kwa hiyo jibu maswali yake kwenye mchoro, kabla hajauliza.

Paa kwanza. Juu ya kontena ni bapa, na miaka ya kubebana melini imelitia mabonde. Maji hukaa humo. Hapo ndipo anapozaliwa mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, yule wa homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Chora paa la pili la mteremko juu ya kontena. Litakupunguzia na joto, na joto ni hoja ya mbu pia: ndani ya bati pakiwaka, saa mbili usiku utafungua kila kitu, wavu au hakuna wavu.

Madirisha na milango: andika wavu kwenye mchoro, usiache kwa maneno. Kama uwezo upo, weka vyumba vya kulala juu. Kijiji cha Magoda, Muheza, watafiti walijenga nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na wavu kila upenyo, na zile za ghorofa ndizo zilizoingiza mbu wachache zaidi.

Kisha choo. Shimo la maji taka lenye mfuniko uliopasuka ni hoteli ya mbu wa kelele za usiku, ambao pwani yetu ndio waliotuletea matende na mabusha. Chemba zifunikwe kwa zege, na bomba la hewa livalishwe wavu juu. Kwa wenye vyoo vya shimo kuna mbinu niipendayo: mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, walimwaga kwenye mashimo punje nyepesi za povu, zile zinazofungashia vyombo vya kuvunjika. Zikaelea, zikafunika maji, mbu akakosa pa kutagia na kiluwiluwi akakosa pa kuvutia hewa.

Mwisho, kontena likiinuliwa juu ya vitofali, ardhi chini yake iwe na mteremko. Chora mshale wa maji yanakoelekea. Mchoro wangu wa kwanza haukuwa na mshale huo, na ndio uliorudishwa.

Kuwasilisha na kufuatilia

Maombi siku hizi hupita mtandaoni, kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Utajisajili kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ujaze fomu na kupandisha viambatisho. Baadhi ya ofisi bado watataka na karatasi mkononi. Utapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12. Lipa kwa hiyo tu, benki au kwa simu. Anayekuambia umtumie kwenye namba yake ili "akusogezee" hajakusogezea kitu. Ada hutegemea halmashauri na ukubwa wa jengo, hivyo usichukue ya jirani wa wilaya nyingine.

Jalada litazunguka kwa mipango miji, ardhi, afya, mhandisi, mara nyingine zimamoto na mazingira. Ukienda kufuatilia usiulize "kibali changu kimefikia wapi?" Utajibiwa "kinashughulikiwa". Uliza "jalada liko meza gani leo?" Hapo utapata jina la ofisi, na ofisi ina mlango. Ombi langu la kwanza lilikaa mwezi mzima chini ya majalada mengine kwenye ofisi nisiyoitaja, na lilitoka siku niliyouliza hivyo.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, rekebisha, rudisha. Wakikubali, michoro yenye mihuri iwekwe eneo la ujenzi, nakala halisi iliyofungwa nailoni, na umjulishe mhandisi wa halmashauri kabla ya kumwaga zege la kwanza. Lile andiko jekundu usilifute mpaka uwe na kibali mkononi.

Kuomba mtaa wenu unyunyiziwe dawa

Kiwanja chako kikiwa kikavu na dimbwi la barabarani limejaa, bado utaumwa. Hili nalo huombwa, na njia yake ni nyingine.

Dar es Salaam ilikuwa na mpango wa malaria wa mjini ulioanza mwaka 2004. Kufikia 2006 watu wa mitaa yenyewe walikuwa wakinyunyiza dawa ya viluwiluwi Buguruni, Kurasini na Mikocheni, kata tatu za kwanza. Dawa ya aina hiyo hiyo, ya bakteria wanaoua viluwiluwi bila kumdhuru samaki wala ng'ombe, sasa hutengenezwa Kibaha kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zote zinunue. Kwa hiyo usiombe kama unaomba hisani.

Kwanza tembea na jirani mmoja asubuhi, mhesabu madimbwi. Andikeni kila moja liko wapi: nyuma ya msikiti, mfereji ulioziba karibu na transfoma, matairi ya gereji. Orodha hiyo ndiyo barua. Maneno ya juu yatoshe hivi: "Sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba halmashauri inyunyize dawa ya viluwiluwi katika mazalia tuliyoorodhesha, na kuzibua mfereji namba 3." Majina, sahihi, namba za simu. Malalamiko ya kurasa mbili kuhusu mbu wanavyouma hayasomwi. Afisa afya naye anaumwa.

Mpelekeeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji agonge muhuri, nakala kwa afisa afya wa kata na kwa diwani. Ombeni iwe ajenda kwenye mkutano wa mtaa ili iingie kwenye muhtasari, kwani diwani huipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata ikiwa imeandikwa, si kwa kusimuliwa dukani. Ikishindikana huko, kuna Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hujadiliwa miezi mingi kabla. Barua ya Aprili, masika yakiwa yamewafika magotini, huenda ikapata lita chache zilizobaki stoo. Ya Oktoba ina nafasi ya kuwekewa fungu.

Kama mazalia yako ndani ya kiwanja cha mtu, mathalani nyumba iliyotelekezwa yenye tangi wazi, hiyo si barua ya kunyunyiziwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kuingia, kukagua na kumwandikia mwenye mali ilani. Mpeni namba ya nyumba na jina la mwenyewe, au la dalali wake kama mwenyewe yuko Muscat.

Hakikisheni nakala yenu ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Yangu ilipokelewa bila muhuri mwaka jana, nikaambiwa haikuwahi kufika.