IST inagonga mbele? Usikimbilie shokapu

Mteja akiniletea Toyota IST na kuniambia "fundi, shokapu zimekufa", simbishii. Namwambia tupande tuzunguke kwanza. Zamani sikuwa hivyo. Nilimfungia mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro, shokapu mbili mpya za mbele. Akalipa, akashukuru, na kabla hajafika barabara kubwa akageuza: mlio uko palepale. Kumbe ni linki ya staba, kifimbo kinachoshikilia ncha ya staba, kile chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Zile shokapu nilizozitoa zilikuwa kavu, hazina tone la oili. Hela ya ufundi nilimrudishia, aibu nikabaki nayo.

Basi anza na masikio. Zima redio, shusha vioo, pita kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabarani, kama kilomita 20 kwa saa. Ikigonga "ko-ko-ko" kavu kwenye vishimo vidogo, hasa tairi moja likipanda na jingine likishuka, wa kwanza kushukiwa ni linki ya staba. Ikigonga "ndu!" mara moja ukikanyaga breki au ukiiachia, katazame bushi (viungo vya mpira) za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi kwa chini. Ukikata usukani gari limesimama na springi ikaruka "tang!", hiyo ni mauntingi, kishikizo cha juu cha shokapu. Na ile "ta-ta-ta" ya kona kali huku unakanyaga mafuta ni si-vi jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi, hiyo habari nyingine.

Sasa inua gari. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanainua tairi moja. Staba ni chuma kimoja, kushoto mpaka kulia. Ukiinua upande mmoja kinajisokota na kuivuta linki, inabana, hata iliyokufa utaiona nzima. Inua mbele pande zote mbili, kaza hendibreki, zuia matairi ya nyuma, weka stendi. (Stendi, si tofali. Ukilala chini ya gari lililokaa juu ya tofali gerejini kwangu nakutoa kwa miguu.) Shika linki, itikise juu-chini kwa nguvu. Nzima imetulia tu. Mbovu utaisikia kiganjani kabla ya sikioni: "tik", "tik".

Kisha shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie dogo akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukiisha, ni beringi ya tairi. Ukibaki, weka mtaimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu huku umekodolea macho boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya amu. Halafu shika kushoto na kulia. Mchezo wa hapo mara nyingi ni tairodi endi, kiungo cha fimbo ya usukani kwenye tairi, au reki endi, kiungo cha upande wa ndani wa fimbo hiyo, kilichojificha ndani ya raba yenye mikunjo. Minya ile raba uishike reki endi kwa juu, dogo atikise tairi, mkono utakwambia.

Tairodi endi ukiifungua, hesabu mizunguko. Mimi nahesabu kwa sauti, dogo anaandika kwa chaki sakafuni. Mpya ifunge kwa idadi ileile, gari litafika kwenye alaimenti, yaani kunyoosha matairi kwa mashine, bila kuyatafuna njiani. Alaimenti yenyewe haikwepeki.

Bushi za amu ndizo zinazonigombanisha na mafundi wenzangu. Bushi ile si beringi. Mpira wake umeshikana na chuma na unafanya kazi kwa kujisokota. Ukikaza boliti tairi likiwa linaning'inia, ukishusha gari mpira unaishi umejikunja muda wote, na utachanika mapema. Kisha unasikia "bushi za siku hizi feki". Funga boliti kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, litikisetikise, ndipo ukaze. Chini hakuna nafasi? Weka jeki chini ya amu, pandisha mpaka ibebe uzito wa upande ule, ukaze hapo.

Gari likivuta upande, usianze na spana. Pima upepo kufuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Bado linavuta? Badilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia, ila yenye mshale wa mwelekeo usiyahamishe. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi, okoa hela yako.

Shokapu iliyokufa kweli utaikuta imelowa oili mwilini, na ukipita tuta gari linadundadunda badala ya kutulia. Nunua mbili. Lakini ile nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse bila klempu za kubania springi. Springi imebanwa mle ndani, ikifyatuka inavunja taya.

Ukimaliza, kaza nati za matairi kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, rudi kwenye rasta ileile, mwendo uleule, vioo chini. Ikigonga bado, angalia kama hujasahau spana juu ya amu. Imeshanitokea.