Kisiki hai: mti uingie kwenye hesabu ya shamba

Mapato ya shamba yakipimwa kwa magunia pekee, kila kisiki kinachochipua huonekana kero. Mkoani Dodoma wakulima wanavikuza tena visiki hivyo kuwa miti, bila kununua mche hata mmoja.

Wakati wa kiangazi chagua kisiki chenye machipukizi mengi. Bakiza 3 hadi 5 yaliyonyooka na yenye afya. Mengine yakate kwa panga kali. Panga butu huchana gome, na ugonjwa hupenya hapo hapo. Pogoa matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu: majani ndiyo yanayoulisha mti. Funga kitambaa cha rangi kali ili wachungaji na wenye plau wakione. Mbuzi wakiingia mapema, machipukizi yameliwa.

Kwenye daftari la mapato andika pia kuni, nguzo, malisho na asali.