Tundu la moyo likigundulika ukubwani: la kufanya mgonjwa akiwa bado idara ya dharura

Mtu anaweza kufika miaka 40 na tundu la moyo la kuzaliwa nalo asijue, mpaka siku moyo unapokwenda mbio, anapopooza upande mmoja, au mimba inapombana pumzi. Kinachochelewesha ni jibu la haraka: "ni pumu", "ni presha", na kwa wapagazi wa Kilimanjaro, "ni mwinuko tu". Mwinuko huachia mtu akishuka. Aliyekaa Moshi siku kadhaa na bado anahema, apimwe moyo.

Anza na kidole: mbane kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Ikibaki chini ya asilimia 90 hata akiwa na maski ya oksijeni, na eksirei ya kifua haionyeshi ugonjwa wa mapafu, huenda damu inavuka tunduni bila kupita mapafuni. Tazama midomo ya bluu na ncha za vidole zilizonenepa.

Kwa mgonjwa huyo, kagua mpira wa dripu kwenye mwanga. Nesi aujaze maji wote kabla ya kuuunganisha, na povu lililonata ukutani aligonge kwa kucha mpaka lipande. Hewa ambayo kwa wengine ingeishia mapafuni, kwake inaweza kufika kwenye ubongo. Asishushwe presha ghafla. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikisoma 20 g/dL, asitolewe damu kwa sababu ya namba hiyo peke yake: mwili unafidia oksijeni.

Kijana mwenye presha ya juu? Mpime mkono wa kulia, kisha mguu, akiwa amelala, kwa mkanda unaomtosha. Kwa kawaida mguu hulingana na mkono au huuzidi. Mkono ukiuzidi mguu kwa 20 au zaidi na mapigo ya kinenani ni hafifu, shuku kasoro nyingine ya kuzaliwa nayo: mshipa mkuu wa damu umebana. Vidonge havitautanua.

Baada ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Usikubali ripoti ya "tundu la moyo" tupu: iandike tundu liko wapi, milimita ngapi, damu inaelekea upande gani, na presha ya mapafu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikipanda sana hadi damu kugeuza mwelekeo, tundu halizibwi tena, na mimba huhatarisha maisha. Uzazi wa mpango uanze mapema, ila si vidonge vyenye estrojeni, vinavyochangia damu kuganda.

Kwa Moshi ulizia hospitali ya KCMC, kwa Arusha anzia hospitali ya Mount Meru. Akipewa rufaa ya JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete), Dar es Salaam, abebe ripoti ya eko, ECG na picha zenyewe pamoja na barua.